Yatima Hadeki, Lakini Asome

Wahenga walisema kwamba yatima hadeki. Usemi huo hutamkwa katika nyumba nyingi za pwani kana kwamba ni sheria: mtoto aliyeondokewa na wazazi hana wa kumbembeleza, na kwa hiyo ajifunze mapema kunyamaza. Wanaoutumia hivyo husahau kwamba wahenga walikuwa wakieleza hali ya dunia, hawakuwa wakiitungia dunia amri. Anayesema kwamba jua ni kali hamkatazi mtu kukaa kivulini.

Jambo hili linafaa kufikiriwa na walimu na watumishi wa serikali, hasa wale waliopangiwa kazi katika visiwa vya Mafia. Katika darasa la shule ya msingi, iwe Kilindoni, Kirongwe, Baleni au Jibondo, hakosekani mtoto asiyelelewa na waliomzaa. Mmoja amefiwa, mwingine wazazi wake wameachana, mwingine wazazi wamevuka bahari kwenda Dar es Salaam kutafuta riziki, naye amebaki kwa bibi, kwa shangazi au kwa mjomba. Malezi ya namna hiyo si aibu. Ni sehemu ya ule ujamaa wa asili ambao watu wa pwani waliuishi kabla haujaandikwa katika kitabu chochote. Lakini mtoto huyo akifika darasani, anakuta nini juu yake katika vitabu anavyofundishwa? Mara nyingi hakuti kitu. Au anakuta yatima wa kusikitikiwa tu, aliyewekwa katika hadithi ili wengine waonyeshe wema wao.

Ipo hadithi moja ambayo haimtendei yatima hivyo. Mnamo 1880 na 1881, mwandishi wa kike wa Uswisi, Johanna Spyri, alitoa katika sehemu mbili kisa cha Heidi, mtoto wa miaka mitano asiye na baba wala mama. Shangazi yake wa upande wa mama, Dete, amechoka kumlea. Anampandisha mlimani na kumwacha kwa babu yake, mzee mkali aliyegombana na kijiji kizima. Huko Heidi anakutana na Peter, kijana mchunga mbuzi, na bibi yake Peter, ambaye ni kipofu. Kutoka hapo hadithi inaendelea hadi mji mkubwa wa Frankfurt na kurudi tena mlimani. Kwa zaidi ya miaka mia moja watoto wa mataifa mengi wameisoma.

Pengine atatokea mtu wa kuuliza kama hiyo si kasumba. Mtoto wa Mafia, ambaye hajaona theluji na ambaye kwao ni minazi, ngalawa na miamba ya bahari, ana haja gani na mbuzi wa Uswisi? Swali hilo ni halali na halipaswi kudharauliwa, maana shule za kikoloni zililisha watoto wa nchi hii hadithi za Ulaya huku zikiwafundisha kuzidharau za kwao. Lakini kosa halikuwa kuzisoma hadithi za wengine. Kosa lilikuwa kuzisoma kwa kupiga magoti. Mwalimu Julius Nyerere, ambaye hakuna awezaye kumshitaki kwa kasumba, alimtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili. Tafsiri yake ya Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, na ile ya Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Alikichukua cha wengine na kukivika vazi la nyumbani, kisha akawaachia wananchi wakipime wenyewe.

Isitoshe, habari za yatima anayelelewa na babu si ngeni Mafia hata kidogo. Mtoto wa huko huzisikia katika Maulidi kabla hajajua kusoma: jinsi Mtume alivyozaliwa baba yake akiwa amekwisha fariki, alivyofiwa na mama yake angali mdogo, akalelewa na babu yake, na baada ya babu akalelewa na ami yake. Jamii inayoisimulia habari hiyo kwa heshima kubwa kila mwaka haiwezi kusema kwamba yatima ni mada ya wageni. Kinachotakiwa ni mwalimu kuonyesha kwamba heshima hiyo inamhusu pia mtoto aliyeketi dawati la nyuma na kaptura iliyochanika.

Hadithi ya Heidi ina mambo matatu ambayo darasa la Mafia linaweza kuyajadili bila kuhitaji kuiona theluji.

La kwanza ni mlezi na shule. Heidi anapofikia umri wa kusoma, mwalimu wa kijiji anatuma salamu, naye mchungaji wa kanisa anapanda mlimani kumsihi babu ampeleke mtoto shuleni. Babu anakataa katakata. Si kwamba hampendi mjukuu wake. Anampenda kupita kiasi, na anaona yatosha akue pamoja na mbuzi na ndege. Hapa ndipo penye somo. Mapenzi peke yake hayamtoshi mtoto. Mlezi wa Mafia anayesema kwamba kijana huyu aende baharini na binti huyu abaki kusuka ukili na kuangalia wadogo zake, mara nyingi si katili. Ni mtu aliyebanwa na maisha, na pengine anaamini anamrithisha mtoto kazi ya kweli. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilitaka kazi na masomo viende pamoja. Haikusema hata mara moja kwamba kazi ichukue nafasi ya masomo.

La pili ni safari ya mjini. Dete anarudi, anamchukua Heidi kwa hila na kumpeleka Frankfurt akae na Clara, binti wa tajiri, ambaye hawezi kutembea na hukaa katika kiti cha magurudumu. Nyumba ni ya fahari, chakula ni tele. Hata hivyo Heidi anakonda, analia kimyakimya usiku, na mwisho anaanza kutembea akiwa usingizini, hata watu wa nyumba wanadhani kuna mzuka. Daktari anapoitwa anatambua kwamba ugonjwa huo hauna dawa ya chupa: mtoto arudishwe kwao. Mwalimu yeyote aliyefundisha vijijini Pwani anaijua safari hiyo. Anawajua mabinti wanaoondoka ghafla na ndugu aliyekuja kutoka Dar es Salaam, wakaambiwa wanakwenda kuanza maisha mazuri, kumbe wanakwenda kufanya kazi za ndani. Wa kwanza kutolewa huwa yatima, kwa sababu kuondoka kwake huhesabiwa kuwa mzigo umepungua. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, lakini sheria haiwezi kupiga hodi kila mlango. Mwalimu anayeita majina kila asubuhi ndiye wa kwanza kujua nani hayupo, na ndiye anayeweza kuuliza mapema.

La tatu, nalo ni kubwa kuliko yote, ni kusoma. Kule Frankfurt mwalimu wa nyumbani anahangaika na Heidi miezi kadhaa bila mtoto kushika hata herufi. Si kwamba ana kichwa kizito. Peter alikuwa amemwambia kwamba kusoma ni kitu kisichowezekana, naye alimwamini rafiki yake. Nyanya yake Clara ndiye anayegundua jambo hilo. Anampa kitabu chenye picha nzuri na kumhakikishia kwamba Peter amekosea. Haupiti muda mrefu mtoto anasoma. Basi walimu na wajiulize ni watoto wangapi katika madarasa yao walioandikwa kuwa wazito, ambao kwa kweli wameamini tu neno la mtu aliyewatangulia kushindwa.

Heidi hakuishia kusoma kwa faida yake. Aliporudi mlimani alimsomea yule bibi kipofu tenzi za dini ambazo kwa miaka mingi hakupata mtu wa kumsomea. Kisha, msimu wa baridi ulipofika, alimkalisha Peter chini, akamfundisha kusoma hata kijana akashangaza darasa zima. Yatima aliyepokelewa kama mzigo ndiye aliyeleta kisomo katika nyumba ya jirani.

Hadithi hiyo Mafia waliiishi wenyewe. Mwishoni mwa mwaka 1970, ambao ulikuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba wilaya sita zitangulie kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika kabla ya mwaka 1971 kwisha. Mafia ilikuwa mojawapo, pamoja na wilaya nyingine kama Ukerewe. Wavuvi, wakwezi na kina mama wasuka mikeka walitakiwa kushika kalamu. Katika kampeni hizo za kisomo walimu wa shule za msingi hawakutosha, kwa hiyo waliojua kidogo waliwafundisha wasiojua, na wanafunzi wakawafundisha wazee wao. Taifa zima lilifuata. Wakati wa sensa ya 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma. Kufikia 1986 takwimu za serikali zilionyesha kwamba waliobaki ni kama mmoja katika kumi.

Ushindi huo haukulindwa ipasavyo. Sensa ya 2012 ilionyesha kwamba katika kila watu 100 wenye umri wa miaka 15 na zaidi, ni karibu 78 tu waliojua kusoma na kuandika. Hata kama vipimo vya miaka hiyo miwili havikuwa vya namna moja, fundisho liko wazi. Ujinga ni kama magugu: shamba lililopaliliwa jana, likiachwa, huota tena. Na huota upesi zaidi pale asipokuwapo mtu nyumbani wa kuuliza kama daftari limeandikwa.

Kitabu cha namna hii basi kifundishwe vipi? Yapo mazoea ambayo yanaua kila hadithi. Mwalimu anaandika ubaoni mhusika mkuu, dhamira, ujumbe na falsafa ya mwandishi, wanafunzi wananakili, mtihani unafika, nao wanashinda bila kufungua kurasa za kitabu chenyewe. Riwaya ya Emmanuel Mbogo, Watoto wa Mama N'tilie, iliyotoka mwaka 2002 na kusomwa katika shule za sekondari, imepatwa na balaa hilo mara nyingi. Ni hadithi inayochoma moyo ya watoto waliokosa shule kwa umaskini, lakini wapo walioijua kwa muhtasari wa ukurasa mmoja tu.

Njia bora haihitaji fedha nyingi. Vitabu vinavyokwenda Mafia huvuka bahari kama mizigo mingine, na nakala arobaini zaweza kuchelewa. Nakala moja inatosha kuanza. Mwalimu asome kwa sauti, sura moja kila siku, kwa Kiswahili kinachoeleweka. Na kama tafsiri haipo mkononi, asimulie mwenyewe, maana usimulizi ni fani ya pwani tangu enzi. Kisha awaache watoto wabishane. Babu alikuwa na haki kumzuia mjukuu wake asiende shule? Dete alikuwa mbaya, au alikuwa mwanamke maskini aliyehitaji kazi?

Katika mjadala huo liko kosa moja la kuepuka kabisa: mwalimu asimnyoshee kidole mtoto yatima na kumwambia kwamba yeye anayajua mambo haya, awaeleze wenzake. Kufanya hivyo ni kumvua nguo mbele ya watu. Faida ya hadithi ni kwamba humpa mtoto mtu mwingine wa kumsemea. Asiyeweza kusema kwamba yeye hulia usiku ataweza kusema kwamba Heidi alilia, na kwa nini. Mwalimu mwenye masikio atasikia yote mawili.

Kitabu chenyewe nacho kisisujudiwe. Mwishoni, maisha ya baadaye ya Heidi yanahakikishwa na ahadi ya daktari mmoja tajiri aliyempenda. Watoto na waulize: je, yatima asiyekutana na daktari wa namna hiyo afanyeje? Nchi hii ilichagua jibu jingine, kwamba elimu ya mtoto isitegemee huruma ya tajiri. Ndiyo maana ada ya shule za msingi ilifutwa kuanzia 2002, na ile ya sekondari hadi kidato cha nne kuanzia 2016. Lakini ada ikifutwa, bado zipo sare, daftari, chakula cha mchana na mtu wa kumwamsha mtoto asubuhi. Hapo serikali za vijiji, maofisa elimu na majirani ndio wenye zamu. Kamati ya shule ambayo haijui ni watoto wangapi shuleni kwake hawana wazazi bado haijaanza kazi.

Upo usemi mwingine wa wahenga, kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kwa kawaida husemwa kama kitisho. Lakini kwa mtoto wa Mafia aliyefiwa na mama, ulimwengu wa kwanza kukutana nao nje ya nyumba ya mlezi ni chumba cha darasa, saa mbili asubuhi, na mwalimu aliyesimama mbele yake. Mwalimu huyo akiwa mkali bila sababu, mtoto atajua kwamba ulimwengu ndivyo ulivyo. Akifungua kitabu na kumsomea habari za yatima aliyejifunza kusoma kisha akamfundisha jirani yake, mtoto atajua jambo jingine, na huenda jioni hiyohiyo akamsomea bibi yake barua ambayo imekaa chini ya mto muda mrefu ikisubiri msomaji.