Timu Isiyo na Uwanja Haina Kwao

Mwanafunzi mmoja hapa Miasenyi aliniuliza iwapo timu yaweza kuuhama mji ulioilea. Naam, yaweza. Huko Marekani, timu ya besiboli ya Athletics, iliyokaa Oakland tangu 1968, iliuaga mji huo mwaka 2024 ili kuelekea Las Vegas kupitia Sacramento. Kiini cha mzozo kilikuwa uwanja.

Tusiwacheke. Juni mwaka huo huo, Harambee Stars ilizikaribisha Burundi na Côte d'Ivoire mjini Lilongwe, Malawi, kwa kuwa hatukuwa na uwanja hata mmoja uliokubaliwa na CAF. Timu ya Oakland ilihamishwa na mmiliki wake. Yetu tuliihamisha wenyewe kwa uzembe. Shabiki wa Miasenyi hupanda gari moshi hadi Nairobi. Malawi angefikaje?

Agosti 2025, katika mashindano ya CHAN, Kasarani ilifurika mashabiki. Mapenzi, basi, hayakupungua. Kilichopungua ni utunzaji. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Viwanja na vitunzwe hata pasipo wageni, la sivyo timu itahama tena.