Zama za Dhahabu za Mieleka: Dhahabu ya Nani?



Ndugu zetu wazazi, nanyi wanafunzi wetu wapenzi,

Jambo tunaloliandika leo wengine mtaliona dogo. Ni mieleka ya televisheni, ile ya Kimarekani, ambayo vijana wetu huitazama kwenye simu baada ya Isha wakati sisi tunadhani wanadurusu. Hatukukusudia hapa kutoa hukumu ya kuitazama. Mlango huo una wenyewe, nao ni masheikh zetu. Tumekusudia kujibu rai moja tu, ambayo tumechoka kuisikia barazani, kwenye vibanda vya chipsi na, Subhaanallah, hata kwenye veranda ya madrasa. Rai yenyewe ni kwamba mieleka ya zamani ndiyo ilikuwa mieleka, kwamba wahusika wa miaka ya 1980 na 1990 hawana mfano, na kwamba siku hizi kila kitu kimelainishwa kwa kuwa watu wanaogopa kuwaudhi wengine.

Tuanze na kisa. Alikuja darasani kwetu hapa Kampala kijana wa miaka kumi na miwili, mkubwa wa umbo, mweusi sana, mpole, familia yake imehamia kutoka West Nile. Hifadhi yake ilikuwa nzuri, na sauti yake nzuri zaidi. Hazikupita wiki mbili wenzake wakampa jina: "Kamala". Kila aliposimama kusoma, wa nyuma walijipiga matumbo kwa viganja, pa pa pa. Sisi tulidhani ni utundu wa kawaida, tukawakemea tukaendelea na somo. Kisha kijana akaacha kuja. Tulipokwenda kwao mama yake akatuambia, "Ustadh, anasema hawezi kusoma Qur'ani mbele ya watu wanaojipiga matumbo."

Tukawaita wale vijana. Wakashangaa kwamba tumekasirika. "Ustadh, tunamtania tu. Kamala ni mkali wa zamani. Huyo alikuwa bora kuliko hawa wa leo wote."

Haya ndiyo yaliyotukalisha kuandika.

KAMALA ALIKUWA NANI?

Jina lake halisi lilikuwa James Harris, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1950 katika jimbo la Mississippi. Mwaka 1982, huko Memphis, alivishwa sura mpya: uso na kifua vikapakwa rangi, akafungwa kitambaa kiunoni, akaachwa pekupeku, akapewa mkuki na kinyago. Watazamaji wakaambiwa ametoka Uganda, kwamba ni mla watu, na kwamba aliwahi kuwa mlinzi wa Idi Amin, ambaye alikuwa ameanguka miaka mitatu tu kabla, mwaka 1979. Akapewa jina ambalo ni kama Kampala iliyodondosha herufi moja. Hakuruhusiwa kuzungumza: alikuwa akiguna na kujipiga tumbo. Pembeni yake alitembea "mtunzaji" aliyevaa nguo za safari kama za mwindaji, akimwelekeza kama anavyoelekezwa mnyama, kwa sababu katika mchezo ule Kamala hakujua hata namna ya kumbana mpinzani mabega hadi ahesabiwe.

Kwa sura hiyo alipigana na Hulk Hogan miaka ya 1986 na 1987, na mwaka 1992 alipambana na The Undertaker katika uwanja wa Wembley, London, mbele ya maelfu na maelfu ya watu. Kisukari kilimkata miguu yote miwili, akafariki Agosti 2020. Sisi hatumlaumu marehemu. Alikuwa mtu maskini wa Kusini mwa Marekani aliyekuwa akitafuta riziki, na kazi aliyopewa ndiyo hiyo. Tunawauliza wanaoisifu kazi hiyo leo: mnasifu nini hasa?

Wala hakuwa peke yake. Mwaka 1988 mzungu mmoja mnene, George Gray, alibadilishwa jina akawa Akeem, akatangazwa kuwa ametoka kwenye kina cha Afrika yenye giza, akawa anacheza na kutikisa mikono kwa kuigiza weusi. Mwaka 1990 Tony Atlas, bingwa mweusi wa Virginia aliyekwisha kuheshimika kwa jina lake, alivishwa manyoya, ngao na mkuki, akaitwa Saba Simba. Wasomaji wetu wa Kiswahili watacheka hapa, maana hata mtoto wa darasa la kwanza anajua husemi "saba simba". Walichukua lugha yetu bila hata kumuuliza mtu mmoja anayeizungumza.

KISHA TUKAJA SISI WENYE VILEMBA

Ndugu zetu, kama walivyofanywa Waafrika ndivyo walivyofanywa Waislamu, na huko mambo yalianza mapema zaidi. Ed Farhat, mzaliwa wa Lansing, Michigan, wa wazazi waliotoka Lebanon, kwa miongo kadhaa alipigana kwa jina la The Sheik. Kabla ya pambano alikuwa akitandika msala ulingoni na kujifanya anasali. Watu wakizomea msala! Kisha anawarushia wapinzani moto na kuwachoma kwa penseli. Fikirini mtoto wa Detroit wa miaka hiyo, ambaye hajawahi kumwona Mwislamu akiswali, na mara yake ya kwanza kuona msala ni ile.

Akafuata The Iron Sheik, Hossein Khosrow Ali Vaziri, Muirani wa kweli na mwanamieleka wa kweli. Mwaka 1971 alikuwa bingwa wa mieleka ya ridhaa nchini Marekani, na mwaka 1972 alikuwa miongoni mwa makocha wasaidizi wa timu ya Marekani kwenye Olimpiki ya Munich. Baada ya mateka wa ubalozi wa Tehran, siku 444 kati ya 1979 na 1981, ujuzi huo haukuwa na thamani tena. Kilichotakiwa ni kilemba, viatu vyenye ncha zilizopinda, na kuitemea mate Marekani. Desemba 1983 akapewa ubingwa. Tarehe 23 Januari 1984 Hulk Hogan akamnyang'anya pale Madison Square Garden, na hapo ndipo mashabiki wanapohesabu kuwa zama za dhahabu zimeanza. Tuseme basi ukweli wake: jiwe la msingi la dhahabu hiyo ni mgongo wa Muirani.

Mnataka kujua walivyotujali kidogo? Mwaka 1991, wakati wa vita vya Ghuba, Sgt. Slaughter aligeuzwa kuwa Mmarekani aliyeiunga mkono Iraq. Alipewa ubingwa tarehe 19 Januari, siku mbili tu baada ya mabomu kuanza kuanguka Baghdad. Pembeni yake aliwekwa General Adnan, mzaliwa wa Baghdad. Na wa tatu wao, "Colonel Mustafa" wa jeshi la Iraq, alikuwa nani? Alikuwa Iron Sheik yule yule! Muirani, ambaye nchi yake ilipigana na Iraq miaka minane, 1980 hadi 1988, ikazika vijana wasio na idadi, akavishwa sare ya jeshi la adui. Kwao ilikuwa sawa tu. Kilemba ni kilemba.

MUHAMMAD HASSAN

Huyu ndiye vijana wetu wanaombishania zaidi. Wanasema, "Ustadh, huyu alitutetea. Wangemwacha angekuwa bingwa wa dunia."

Ni kweli kwamba alipoanza, mwishoni mwa 2004, aliletwa kama Mwarabu wa Marekani anayelalamika kuwa tangu Septemba 11, 2001 watu wanamtazama kama gaidi. Ilikuwa shutuma ya haki, na wengi waliozisikia nyumbani walisema amiin. Lakini tazameni alivyopangiwa. Jina la Mtume wetu (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) alipewa Mark Copani, Mmarekani wa asili ya Kiitalia kutoka Syracuse, New York. Msaidizi wake Daivari, mwenye asili ya Kiirani, alizungumza Kifarsi na ukumbi ukadhani ni Kiarabu. Na malalamiko yale ya haki yaliwekwa kinywani mwa mhusika mwovu kwa makusudi, ili kila anapotaja dhulma ukumbi mzima umzomee. Hapa ndipo sumu ilipo, ndugu zetu, na ni kali kuliko mkuki wa Kamala. Kamala alifundisha watu kumcheka Mwafrika. Hassan alifundisha watu kwamba Mwislamu akisema "nimedhulumiwa", jibu lake ni kuzomewa.

Mwisho wake mnaujua. Tarehe 4 Julai 2005 walirekodi kipande ambamo Hassan anapiga magoti kama anayeomba dua, kisha wanaume waliofunika nyuso wanatokea kumkaba The Undertaker kwa waya. Kikarushwa Marekani tarehe 7 Julai, siku ile ile London iliyoshambuliwa kwa mabomu na watu 52 wakauawa. Kituo cha televisheni kikakataa kumwonyesha tena, na tarehe 24 Julai akaondolewa kwa kutupwa kupitia sakafu ya jukwaa. Copani baadaye akawa mwalimu na mkuu wa shule, na tunamtakia kheri. Lakini asiseme mtu kwamba alitutetea. Wakili anayemfanya hakimu amchukie mteja wake si wakili.

"USTADH, NI MCHEZO TU"

Tunajua ni mchezo. Nasi tuliwahi kuwa vijana. Katika miaka ya 1990 tulilipa shilingi zetu tukakaa kwenye mabenchi ya kibanda cha video, na siku ilipowekwa kanda ya Kamala kibanda kizima kilicheka. Waganda, tumekaa Kampala, tunamcheka Mganda wa uongo. Tulimzomea Iron Sheik, kisha tukatoka na kofia zetu vichwani tukaenda kuswali Magharibi. Hakuna aliyeuliza kitu. Kwa hiyo tunapowasema vijana tunajisema na sisi.

Wanatuambia pia kwamba kila mchezo unahitaji mwovu. Sawa. Ted DiBiase alikuwa mwovu kwa kiburi cha pesa, na hatujasikia tajiri aliyeogopa kutoka nje kesho yake. The Undertaker alitisha kwa majeneza, na hakuna mchimba kaburi aliyetukanwa kwa ajili yake. Uovu wao ulikuwa tabia, na tabia mtu anaweza kuiacha. Uovu wa Iron Sheik ulikuwa pasipoti yake. Wa The Sheik ulikuwa msala. Wa Kamala ulikuwa ngozi na bara. Hizo mtoto haziachi ulingoni. Anakwenda nazo shuleni.

Na wanaosema kwamba bila hayo hakuna burudani, tuwape mfano kutoka humo humo. Sami Zayn, Mwislamu wa Canada mwenye asili ya Syria, mwaka 2023 alishangiliwa mpaka watu wakalia, na Mei mwaka huo alisimama Jeddah akawasalimu watazamaji kwa Kiarabu. Aprili 2024 alimshinda Gunther aliyekuwa ameshikilia ubingwa siku 666. Ameigiza mjinga, ameigiza mwoga, ameigiza shujaa, na watu wamemfuata kwa sababu ya kisa chake. Hakuhitaji kutandika msala ili azomewe. Basi kumbe iliwezekana. Wale wa zamani walichagua njia ya mkato, na mashabiki wanaita uvivu huo ustadi.

TUFANYE NINI?

Mieleka yenyewe si adui yetu. Imepokewa katika Sunan Abu Daawuud kwamba Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) alishindana mieleka na Rukaanah akamwangusha, ingawa wanazuoni wameizungumzia isnadi yake. Na katika Sahihi mbili tumefundishwa kwamba mwenye nguvu hasa ni yule anayeimiliki nafsi yake wakati wa ghadhabu. Lakini Suratul-Hujuraat, aya ya 11, imekataza wazi watu kuwadharau wengine na kuitana kwa majina ya kejeli, na haikuweka sharti kwamba jina hilo liwe halijatoka kwenye televisheni.

Wazazi, msiishie kunyang'anya simu. Kaeni na watoto mtazame dakika kumi, kisha waulizeni: huyu anazomewa kwa alilolifanya au kwa alivyo? Mtoto wa miaka tisa anaweza kulijibu swali hilo. Nanyi vijana, mkitaka kusifu zamani, sifuni wepesi na ustadi wa mieleka, lakini msiwaite "wakali" watu waliolazimishwa kuwa vikaragosi, kisha mkalibandika jina hilo kwenye mgongo wa mwenzenu.

Yule kijana amerudi, AlhamduliLlaah. Wale wanne walikwenda wenyewe nyumbani kwao wakamwomba radhi mbele ya mama yake, na mmoja wao sasa hudurusu naye. Ila bado anakaa karibu na mlango, na akisimama kusoma husoma kwa sauti ya chini, huku mkono mmoja ameuweka tumboni kama anayejikinga. Sauti ile tuliyoisikia siku ya kwanza hatujaisikia tena. Tunaingoja, na tunaomba dua zenu.

Wabillaahi Tawfiyq.