CHUMVI IFUNIKWE!

Wanafunzi wenzetu, likizo inakaribia. Wengi tutatumwa soko la Virunga kununua vyombo vya jikoni. Sisi tunashauri: musichague chupa ya chumvi kwa kupendeza tu. Chumvi ya dukani inatiwa iyodi, ambayo inazuia rovu, ule uvimbe wa shingo. Kule kisiwa cha Idjwi, madaktari waliochunguza ugonjwa huo miaka ya 1960 waliona hata akili za watoto zinadumaa. Lakini chumvi ikiachwa wazi, juani ao penye unyevu, iyodi inapotea. Kwetu pia tulikuwa tunaiacha wazi. Basi, chumvi itafutiwe kikopo chenye kifuniko cha kukaza. Pilipili, hata kisahani kinatosha. Mama akipenda chupa ya matundu, tumwambie kwa heshima: mapambo ya meza hayalindi shingo.