"Ana Mawazo Tu": Kauli Inayowaponza Wenye Baipola

Mtu akijifungia chumbani wiki mbili, hali vizuri, haogi, simu hapokei, majirani hawachelewi kutoa hukumu: "Ana mawazo tu." Aliyesoma kidogo atasema ni sonona. Wote wawili wanaishia pamoja: sonona ni sonona, apewe vidonge vyake, atainuka. Kwa mwenye baipola, imani hiyo ni hatari.

Baipola ina nyuso mbili. Kuna vipindi vya mania, hisia zinapopaa, na vipindi vya sonona, zinapozama. Watu huogopa zaidi mania kwa sababu ndiyo inayoonekana: mtu anauza kiwanja kwa bei ya kutupa, anakesha akiongea, anazusha ugomvi sokoni. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, uliowafuatilia wagonjwa kwa takriban miaka 13, ulikuta kinyume. Wagonjwa walikuwa na dalili za sonona karibu thuluthi moja ya wiki zote; za mania hazikufika hata asilimia 10.

Na sonona hiyo mara nyingi haiji peke yake. Mgonjwa analia, na wakati huohuo fikra zinamkimbia hata hazikamatiki. Mwili umechoka, lakini kutulia kitini hawezi. Usingizi hautimii masaa manne, hasira iko karibu, neno dogo linamwasha. Daktari Mjerumani Emil Kraepelin alikwisha kuzieleza hali hizi za mchanganyiko mwishoni mwa karne ya 19, kwa hiyo hakuna awezaye kudai ni jambo geni. Katika mradi mkubwa wa utafiti wa baipola nchini Marekani, STEP-BD, wagonjwa 1,380 waliokuwa kwenye sonona walichunguzwa. Takriban thuluthi mbili yao walikuwa na dalili za mania ndani ya sonona hiyohiyo.

Hapo ndipo "mawazo tu" inapoponza. Mwaka 2007 mradi huo ulitoa matokeo ya wagonjwa 366 waliokuwa wakitumia dawa za kutuliza hisia, jamii ya lithiamu na valproeti (ndiyo, ileile inayojulikana zaidi kama dawa ya kifafa). Nusu waliongezewa dawa ya sonona, nusu kidonge kisicho na dawa. Waliopata nafuu ya kudumu walikuwa asilimia 23.5 kwa wenye dawa ya sonona, na asilimia 27.3 kwa wasio nayo. Kidonge kinachosifiwa hakikuongeza kitu. Uchambuzi mwingine wa mwaka huohuo uliwatazama wale wenye sonona iliyochanganyika na mania: dawa ya sonona haikuharakisha kupona kwao, na baada ya miezi mitatu dalili zao za mania zilikuwa kali zaidi.

Watetezi wa dawa ya sonona watauliza, mbona fulani alimeza akapona? Huenda ugonjwa wake ni sonona ya kawaida, ambayo vidonge hivyo huisaidia kweli. Wala hakuna anayesema ni sumu. Aliyeandikiwa asiache ghafla kabla ya kuzungumza na daktari wake. Kosa ni kuandika dawa bila kuuliza kilichofuatana na huzuni. Katika uchunguzi mmoja wa Marekani, asilimia 69 ya wenye baipola walisema mwanzoni walipewa jina la ugonjwa mwingine, mara nyingi sonona ya kawaida.

Iko pia imani pacha ya "ana mawazo tu": akitulia, amepona. Kati ya wagonjwa 858 wa STEP-BD waliopata nafuu, 416 waliugua tena ndani ya miaka miwili. Waliobaki na mabaki ya dalili, hata madogo, ndio waliokuwa katika hatari kubwa zaidi. Usingizi uliobaki mbovu na huzuni ya chinichini si mambo ya kufumbiwa macho kwa sababu mtu amerudi kazini.

Mgonjwa mwenyewe hawezi kuachiwa kazi yote ya kujieleza. Akiwa amezama, siku zake za kupaa huzikumbuka kama siku za uzima, tena za neema, na daktari hatazisikia. Kwetu mgonjwa haendi kliniki peke yake. Kuna mama, kaka au mke anayemsindikiza. Basi msindikizaji asikae nje na mkoba. Aingie, aeleze usiku aliomsikia akizunguka uani, fedha zilizoyeyuka mwezi wa pili, na maneno yaliyokuwa yakimtoka mbio kabla hajanyamaza.