Siku Tatu Huku, Siku Tatu Kule, Halafu Hukumu

Nimechoka na insha za "huko kwa wenzetu", na naanza kwa kukiri kwamba mojawapo niliiandika mimi. Unazijua. Mtu kapata likizo ya wiki moja, kavuka mipaka miwili, karudi na picha mia nne na hukumu mbili: nchi ya kwanza ni ya kuigwa, ya pili ni ya kuhurumiwa. Katikati anatuchapa viboko sisi tuliobaki nyumbani kwamba hatuna nidhamu. Nasi tunapiga makofi na kusambaza. Hakuna anayeuliza huyu bwana alilala huko usiku ngapi.

Yangu ilikuwa hivi. Agosti 2023 nilipanda basi hapa Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, mpaka Rusumo, nikaingia Rwanda. Siku tatu Kigali. Kisha nikapitia Huye na Akanyaru (enzi hizo mpaka ulikuwa bado wazi) hadi Bujumbura, siku tatu nyingine. Nikarudi kwa Rumonge na Manyovu, na Kigoma nikapanda treni ya reli ya kati iliyonishusha nyumbani nikiwa na mgongo wa mzee wa miaka tisini.

Nikaandika. Kigali: waendesha pikipiki wamevaa kofia ngumu na abiria anapewa yake, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2008, miaka kumi na moja kabla yetu, Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu wanatoka kufanya umuganda. Bujumbura: foleni ya magari kwenye kituo cha mafuta, madereva wengine wamelala humo humo garini. Nikahitimisha kwamba nchi hizi mbili, zilizopata uhuru siku moja, tarehe 1 Julai 1962, zenye lugha zinazoelewana, zimetengana kwa sababu ya kitu kimoja tu: nidhamu. Sentensi tamu kweli. Ilisambaa.

Niliyoyaona yote yalikuwa kweli. Uongo ulikuwa kwenye lile "kwa sababu". Siku sita zinatosha kuona foleni ya mafuta. Hazitoshi kujua foleni ilianzia wapi. Kigali uchuuzi wa barabarani umekatazwa, na anayenunua naye anatozwa faini. Kwa hiyo ule usafi nilioupiga picha una mama aliyeondoka na beseni lake la ndizi. Nilimwona? Sikumwona, ndiyo maana ya kuondolewa. Bujumbura nako nilizunguka Buyenzi, mtaa wa mafundi magari ambako Kiswahili kinasikika kila kona, nikapiga soga saa nzima bila mkalimani. Insha yangu haikubeba hata neno lao moja. Walikuwa wanacheka sana, jamani, na mimi nilikuwa nimeshapanga kuwahurumia.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mimi ni mtu wa Dodoma. Sisi tulipaswa kuwa wa mwisho kuandika namna hii, maana Ugogo umehukumiwa na wapita njia kwa zaidi ya miaka mia moja na sitini. Richard Burton alipita hapa 1857, Stanley akapita 1871, wote wakiwa njiani kwenda kwingine, na wote wakarudi na malalamiko tele kuhusu hongo. Mgogo akaingia vitabuni kama mtoza ushuru asiye na haya. Sasa fikiria upande wa pili. Ni kiangazi. Msafara wa mamia ya watu na wanyama unafika kwenye kisima ambacho kijiji na ng'ombe wake wanakitegemea mpaka mvua za Desemba, unakunywa, unaondoka, na nyuma yake unakuja mwingine. Mtemi anasema: lipeni. Hapo mnyang'anyi ni nani? Lakini kalamu alikuwa nayo mpita njia, na yeye hakukaa mpaka Desemba.

Na haijaisha. Leo mtu anakuja Dodoma kwa semina ya siku mbili, analala karibu na stendi, anarudi Dar es Salaam na kuandika: vumbi, ukame, ombaomba. Hajafika Hombolo kuona zabibu, hajui zinavunwa mara mbili kwa mwaka. Tukisoma hayo tunakasirika kweli kweli. Halafu tukivuka Rusumo tunawafanyia wengine vilevile, bila hata aibu.

Wala msiniambie kwamba Kiswahili hakina mfano wa kujifunzia. Selim bin Abakari alisafiri mwaka 1896 kupitia Urusi hadi Siberia akiwa mtumishi wa Mjerumani, na simulizi yake ya Kiswahili ikatoka katika mkusanyiko wa Carl Velten wa 1901. Mtu mweusi katikati ya Siberia hawezi kusahau kwamba naye anatazamwa. Martin Kayamba alikwenda London 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza, na mwaka uliofuata akatoa kitabu, *Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza*. Unaweza kugombana na Kayamba kwa mengi, mimi nagombana naye, hasa anapowastahi mno wakubwa. Lakini tazama jina la kitabu. Tulivyoona, na tulivyofanya. Msafiri mwenyewe yumo ndani ya habari. Sisi tunajifanya kamera.

Kuna atakayesema: bwana, likizo yetu ni fupi na mfuko ni mwembamba, siku tatu ndizo tulizo nazo. Sawa kabisa. Sikatazi siku tatu. Andika siku tatu, bei ya chai, jina la kituo, ulichoogopa, ulichokosea. Nchi nzima iache.

Aliyenifumbua macho si mhakiki. Ni fundi cherehani wa karibu na soko la Majengo anayenishonea suruali. Wazazi wake walikimbia Burundi 1972, yeye akazaliwa Ulyankulu, na uraia wa Tanzania akaupata 2014 pamoja na wenzake wengi. Alikuwa ameisoma insha yangu kwenye simu.

"Mwalimu, Bujumbura ulilala siku ngapi?"

"Tatu, fundi."

"Mimi nakaribia hamsini. Sijalala hata moja."

Nikajiandaa kwa lawama. Hakunilaumu, akaendelea kupima kiuno. Kisha akaniuliza kama ni kweli kwamba jioni, ukisimama ufukweni, milima ya Kongo inaonekana ng'ambo ya ziwa, maana baba yake alikuwa akisema hivyo mpaka anakufa. Nikamwambia ni kweli. Akauliza inakuwa na rangi gani. Akauliza mukeke bado wanauchoma pale pale pembeni ya maji, na kama ni samaki yule yule tunayemwita mgebuka Kigoma.

Nilimla mara mbili yule samaki. Nilikaa ufukweni jioni zote tatu. Na rangi ya ile milima siikumbuki, kwa sababu nilikuwa nimeinamia simu, naandika habari za foleni.