Mkonge wa Sebuleni Haupandwi katika Marudio

Majuma machache yaliyopita nilikuwa Geita, na katika nyumba moja ya kupanga niliitwa nikatazame ua lililokuwa likifa. Lilikuwa limepandwa katika kopo la rangi la lita nne, karibu na mlango, mahali ambapo watoto wawili wadogo walikuwa wakichezea vifuniko vya chupa. Majani yake yalikuwa marefu na wima mithili ya panga, ya kijani kilichokolea, yenye michirizi iliyopauka na kingo za manjano. Matatu kati yake yalikuwa yamelainika chini na kulala.

"Sijui nimelikosea nini," alisema mama mwenye chumba. "Nalimwagilia kila asubuhi kabla sijaenda sokoni, ndugu mwandishi. Halijakosa maji hata siku moja."

Nikamwambia kwamba hilo ndilo kosa lenyewe. Lakini nilipotia kidole katika lile kopo niliona jambo la pili, lililonitia wasiwasi kuliko majani yale. Kopo halikuwa na udongo. Lilijaa mchanga laini wa kijivu, ulioshikana kama unga uliolowana. Mumewe alikuwa ameuleta kutoka mwaloni, kwa kuwa ni wa bure na ni mlaini. Yalikuwa marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa katika karasha na kuoshwa dhahabu.

Nitayarudia marudio hayo baadaye. Kwanza tuuelewe mmea, maana wengi wetu tunaununua kando ya barabara kama kitu cha kigeni kilichotoka Ulaya, ilhali ni Mwafrika. Huu wenye kingo za manjano asili yake ni Afrika Magharibi na nchi za Kongo. Ndugu zake wamejaa katika nchi kavu za Tanzania, chini ya migunga na juu ya vichuguu. Wapo wenye majani mapana yenye madoa, na wapo wenye majani ya mviringo yaliyochongoka kama mkuki. Bonde la Oldupai, ambalo kwa miaka mingi liliandikwa kimakosa "Olduvai", limepata jina lake kwa Wamasai kutokana na mmoja wa mikonge hiyo ya porini. Hata neno "mkonge" lenyewe lilikuwa la mmea huu, uliotoa nyuzi za kamba huku Pwani, kabla Mjerumani Richard Hindorf hajauleta mkonge wa mashambani kutoka Amerika mwaka 1893. Mgeni alikuja akachukua jina la mwenyeji, na mwenyeji akabaki kuitwa mkonge-pori.

Basi mmea uliozaliwa katika nchi kavu umejifunza kuweka akiba. Majani yake ni mazito kwa sababu ndiyo mitungi yake. Chini ya udongo lipo shina nono linalotambaa, nalo pia hutunza maji. Zaidi ya hayo, mimea mingi hufungua vitundu vyake vya kupumulia mchana, na maji mengi yakapotelea juani; huu hufungua vyake hasa usiku, hewa inapokuwa imepoa, na mchana hujifunga. Ndiyo maana mtu anaweza kuuacha ndani ya chumba kilichofungwa, akaenda kwao Kahama au Maswa kwa mwezi mzima, na akirudi akaukuta vilevile. Familia zinazohama kila machimbo mapya yanapovuma hazitapata ua la kuhama nalo lililo jepesi kuliko hili.

Kiumbe wa namna hiyo ukimnywesha kila siku, mizizi inakosa hewa na kuoza. Kwa hiyo usiufuate mkono wa saa wala siku ya juma. Ingiza kidole hadi pingili ya pili. Ukihisi unyevu, ondoka. Ukikuta ni pakavu kabisa, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha uyamwage yaliyotuama katika kisahani. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, hiyo huwa mara moja katika majuma mawili au matatu. Mvua zikiwapo na hewa ikiwa na unyevu, mara moja kwa mwezi yatosha. Wakazi wa mji wa Shinyanga wanaokumbuka walivyolitegemea bwawa la Ning'hwa, kabla ya maji ya Ziwa Victoria kuwafikia mwaka 2009, watanielewa nikisema kwamba ua linalotosheka na bilauri chache za maji kwa mwezi ni ua la heshima.

Mwanga hauusumbui sana. Huvumilia pembe yenye kiza, ingawa hukua upesi zaidi karibu na dirisha. Usiutoe gizani siku moja na kuuweka kwenye jua kali la Septemba, maana utaungua. Vumbi la malori likitanda juu ya majani, lipanguse kwa kitambaa kibichi.

Kuhusu udongo, Wasukuma wana hazina ambayo wataalamu wengi wameiandika: kila udongo una jina lake na kazi yake. Ule mweusi wa mbugani, ambao hunata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua, ni mzuri kwa mpunga, lakini mkonge huu utauoza. Tafuta luseni, udongo wa kichanga wa mteremkoni. Chukua sehemu mbili za luseni na sehemu moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza na kukauka vizuri. Chombo chochote kinafaa, chungu cha udongo kikiwa bora zaidi, maadamu kina matundu chini. Lile kopo la rangi halikuwa na hata tundu moja.

Sasa marudio. Wachimbaji wadogo hutumia zebaki kuinasa dhahabu, na sehemu ya zebaki hiyo hubaki katika mchanga unaotupwa. Haionekani kwa macho wala hainuki. Zebaki hudhuru mishipa ya fahamu. Humfanya mtu mzima atetemeke mikono na kupoteza kumbukumbu, na madhara yake ni makubwa zaidi kwa mtoto mdogo na kwa mimba. Ni kwa sababu hiyo mataifa yalitia saini Mkataba wa Minamata mwaka 2013, ambao Tanzania nayo imeuridhia. Mtoto anayetambaa hupekua kopo la ua, na kila kinachoshikwa na mkono wake huishia kinywani. Haifai kabisa kuuleta mchanga huo ndani ya chumba ambamo watu wanne wanalala. Vilevile karai au sufuria iliyowahi kushika zebaki isigeuzwe chombo cha maua, na sembuse cha kupikia.

Mama yule alishtuka, kisha akaniuliza swali lililonishtua mimi. Aliyemwuzia ua hilo alikuwa amemhakikishia kwamba linafyonza sumu zote za hewani. Je, si ndilo lingewalinda, hasa siku ambazo mumewe huchomea dhahabu jikoni?

Maneno hayo ya wauzaji yana mzizi wake. Mwaka 1989 Shirika la Anga za Juu la Marekani, NASA, lilitoa matokeo ya majaribio yaliyoonesha kwamba mimea kadhaa, huu ukiwamo, ilipunguza kemikali kama benzini ndani ya visanduku vidogo vilivyofungwa kabisa. Chumba cha mtu si kisanduku. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, waliyapitia majaribio ya namna hiyo wakakuta kwamba, ili mimea ishindane na hewa inayopita nyumbani kwa kawaida, ingehitajika kuanzia 10 hadi 1,000 kwa kila mita mraba ya sakafu. Na hayo hayakuhusu mvuke wa zebaki. Dhahabu iliyoshikana na zebaki ikichomwa, mvuke wake ndio ulio hatari kuliko yote, na hakuna ua la kuuzuia. Kazi hiyo hufanywa mbali na makazi, kwa chombo maalumu kinachoufunga mvuke usitoroke, kamwe si jikoni.

Tahadhari nyingine ni ndogo lakini isisahauliwe: jani likitafunwa na mtoto, au na mbuzi, huleta kutapika na kuhara. Liwekwe juu ya meza. Na anayetaka miche ya porini asiingie katika ngitili ya mtu na jembe. Vichaka hivyo vilihifadhiwa kwa jasho, hasa tangu mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza mwaka 1986, na vina wenyewe.

Alasiri ile tulilowanisha kwanza ule mchanga ili usitimke vumbi, tukavaa mifuko ya plastiki mikononi, tukautoa wote na kuufunga katika kiroba. Mume aliporudi jioni aliupakia kwenye baiskeli akaurudisha penye lundo la marudio, badala ya kuumwaga kwenye mchicha nyuma ya nyumba. Kopo nalo lilikwenda naye.

Shina la chini lilikuwa limeoza nusu. Tulikata sehemu iliyooza, tukabakiwa na vipande viwili vyenye mizizi myeupe na jani moja zima lililokatika. Jani hilo laweza kukatwa vipande vya urefu wa kiganja na kupandwa, upande wa chini ukiwa chini, nalo litatoa mizizi baada ya mwezi au miwili. Ila watoto wake watakuwa wa kijani kitupu, kwa kuwa kingo za manjano hurithiwa kwa kugawa shina tu. Mama alitaka yote mawili. Nilipoaga, vipande vilikuwa vimelazwa juu ya gazeti kivulini ili majeraha yakauke kwa siku tatu. Siku ya nne avipande katika chungu chenye matundu, na asivipe maji mpaka juma moja lipite.