"Hatukuona" Nalo Ni Jawabu



Ama baada ya kumshukuru Allah (s.w.t.) na kumsalia Mtume wetu (s.a.w.), wapendwa wazazi na wanafunzi, leo tunataka kuzungumzia jambo ambalo baadhi yenu mmetulaumu kwalo, nalo ni kuwatoa watoto wa madrasa nje baada ya sala ya Isha ili watazame nyota na kuzipiga picha. Mzazi mmoja alituuliza mbele ya watu: "Ustaadh, mnafundisha dini au unajimu?" Swali hilo ni la haki na linastahiki jawabu la wazi.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Ramadhani moja, miaka michache iliyopita, tulikuwa Mbale kwa wakwe zetu. Jioni ya tarehe 29 mawingu yalifunika kuanzia majabali ya Wanale hadi upande wa magharibi kote. Watu wamesimama nje ya msikiti, shingo zimeelekea juu, hakuna kitu. Mara ikaingia picha kwenye simu yetu: mwezi mwandamo mwembamba, na nyota inang'aa katikati ya pembe zake. Chini imeandikwa kwamba umeonekana sasa hivi. Tukafurahi, tukawaonyesha jamaa. Msichana mmoja wa darasa la sita akachungulia akasema, "Ustaadh, hiyo nyota imekaaje hapo? Hapo si ndipo ulipo mwezi wenyewe?" Tukamwambia anyamaze, watoto hawaingilii maneno ya wakubwa.

Usiku ule familia tatu zilizotuamini hazikuamka kula daku. Baadaye ikabainika kwamba mwezi haukuandama na watu wamefunga. Wao na sisi tulilipa siku ile baada ya Idi, na kabla ya hapo tulikwenda nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya yule msichana.

Yeye alikuwa na haki. Mwezi ni tufe, na sehemu tusiyoiona ya mwezi mwandamo haijaondoka, ipo pale pale gizani. Nyota ziko mbali sana nyuma yake, basi hakuna nyota inayoweza kung'aa ndani ya pembe zile. Na kulikuwa na alama ya pili ambayo sisi wakubwa wote tuliipita: mwezi wa ile picha ulikuwa umesimama wima, kama mundu uliotundikwa ukutani. Mwezi mchanga wa huku kwetu hulala, pembe juu, kama mtumbwi majini, pengine umeinama kidogo upande mmoja. Sababu ni kwamba tuko karibu na ikweta. Jinja haifiki hata nusu digrii kaskazini ya mstari huo, na Mbale ni kama digrii moja tu, kwa hiyo jua na mwezi hushuka kwetu karibu wima. Ile picha ilipigwa mbali sana na hapa, au iligeuzwa, au ilichorwa. Mtoto alilitambua kosa kwa sababu ana mazoea ya kutazama. Sisi tulikuwa na mazoea ya kupokea ujumbe.

Tukirudi kwenye swali la yule mzazi. Kutabiri ndoa, mali au maradhi kwa nyota dini yetu imekukataza, na hilo halina mjadala. Tatizo ni kwamba kwa watu wengi neno falaki limekwisha changanyika na kupiga ramli, hata mtoto akitaja jina la nyota mama anashtuka. Lakini Qur'an imetueleza kuwa miezi miandamo ni vipimo vya nyakati za watu na Hija (2:189), na kwamba nyota zimewekwa ili tuongoke kwazo katika giza la bara na bahari (6:97). Tutaongokaje kwa kitu tusichokijua? Kibla chetu hapa Jinja kiko kama digrii 17 mashariki ya kaskazini halisi, na Mbale kama digrii 15. Muulize kijana wa sekondari bila simu mkononi, kaskazini iko wapi usiku. Tumewauliza, na jawabu zao tunawasitiri.

Majina yenyewe ya nyota yangetosha kuwa somo. Aldebaran ni ad-Dabaran, yaani anayefuata, kwa kuwa anaifuata Thurayya, ambayo Waswahili wanaiita Kilimia. Rigel ni rijl, mguu. Fomalhaut ni fam al-hut, mdomo wa samaki. Mwanachuoni Abdurrahman as-Sufi aliandika kitabu chake cha nyota karibu na mwaka 964, na humo alitaja kile kiwingu kidogo ambacho leo tunajua kuwa ni galaksi ya Andromeda. Watoto wetu wanayasoma majina haya katika vitabu vya Kizungu wakidhani ni ya Wazungu.

Sasa usiku wa Jumapili, tarehe 7 Septemba 2025. Mwezi ulipatwa wote, na huku ulianza kuliwa saa moja na dakika 27 usiku, ukafunikwa kabisa tangu saa mbili na nusu hadi saa tatu na dakika 52. Tulikuwa uwanjani na wanafunzi pamoja na wazazi wachache. Jirani mmoja, mtu mwema, akatuomba tuwaingize watoto ndani kwa kuwa mwezi umekuwa damu. Tukamweleza kwamba ile rangi ni mwanga wa jua unaopita pembezoni mwa hewa ya dunia na kupinda hadi kuufikia mwezi, nao ni wekundu kama wa magharibi zetu zote. Tukamkumbusha pia kwamba jua lilipopatwa siku aliyofariki Ibrahim, mtoto wa Mtume (s.a.w.), mwaka wa 10 Hijria, watu walisema limepatwa kwa msiba ule. Baba mwenye msiba ndiye aliyewakataza, akawafunza kuwa jua na mwezi ni katika ishara za Allah, havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa mtu. Kisha tukaswali sala ya kupatwa, na yule jirani akaja na mkeka wake.

Mawingu yalikuja na kwenda usiku ule, na wanafunzi walikasirika. Sisi hatukukasirika. Anayetazama mbingu huku lazima ajifunze subira. Jinja tuna ziwa: usiku hewa ya nchi kavu hushuka na kukutana juu ya maji, ikapandisha mawingu ya radi, ndiyo maana ukitazama kusini usiku unaona umeme unapiga mbali ziwani wakati juu yako kuko safi. Mbale kuna mlima Elgon, ambao hukusanya mawingu mchana na kumwaga mvua alasiri, halafu mara nyingi usiku unafunguka, na hewa iliyooshwa na mvua ni safi kuliko ya kiangazi chenye vumbi na moshi. (Na umeme wa nyumbani ukikatika, msilaumu kila mara. Huo ndio usiku wetu mzuri zaidi.)

Kuhusu picha, kanuni yetu ni ngumu kidogo na vijana wanainung'unikia. Simu iegemezwe juu ya jiwe, iwekwe ijipige yenyewe baada ya sekunde chache ili kidole kisiitikise. Kwa nyota iachwe wazi sekunde kumi hivi, maana ikizidi sana nyota zinakuwa mistari kwa kuwa dunia inazunguka. Kwa mwezi punguza mwanga, kwani unamulikwa na jua kama mchana. Kila picha iandikwe tarehe, saa na mahali. Picha iliyorekebishwa iandikwe kuwa imerekebishwa. Simu nyingine siku hizi zinaongeza madoa ya mwezi zenyewe, hata mwenye simu hajui, ndiyo maana tunasema picha peke yake haifanywi ushahidi wa kufunga wala kufungua. Tulifunzwa kwamba mawingu yakizuia tukamilishe siku 30. Huo ni wepesi tuliopewa, na hauhitaji ujumbe wa simu kuukamilisha.

Wapo watakaosema watoto wana mitihani, na usiku si salama, hasa kwa mabinti. Kuhusu usalama tunakubaliana nanyi kabisa: hatutoki bila wazazi, na saa nne kila mtoto yuko kwao. Kuhusu mitihani, mara mbili kwa mwezi si mzigo.

Tunajiandaa pia kwa tarehe 2 Agosti 2027, ambapo jua litapatwa lote Makka, nasi huku tutaona sehemu tu. Siku hiyo hakuna mtoto atakayetazama jua bila miwani maalumu. Miwani ya kawaida ya jua haitoshi, na macho yakiungua hayarudi.

Jumamosi ijayo tutakuwa uwanjani baada ya Isha, in shaa Allah. Njooni na mkeka, sweta na daftari. Daftari la darasa analitunza yule msichana, ambaye sasa yuko sekondari. Ukurasa wa juzi ameandika tarehe, saa, "Jinja", halafu: "Mawingu. Hatukuona."